Kinusa tochi kwenye dashibodi: mwongozo kamili kwa dereva wa Nyanda za Juu Kusini

Premio yangu ilishuka bandarini ikiwa na mwanamke ndani. Kila nikiwasha gari anasema sentensi moja ya Kijapani, kwa adabu zote, kisha ananyamaza. Jirani yangu hapa Uyole, dereva wa Kosta wa miaka mingi, alimsikia mara moja akanigonga begani: "Kaka, umepata zali. Hiyo ndiyo mashine ya kunusa tochi." Tochi ni kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo.

Alikuwa sahihi nusu. Kigunduzi cha rada kilikuwemo kweli, kimebandikwa juu ya dashibodi, ila anayeongea hakuwa yeye. Na miezi miwili baadaye, kwenye kijiji kimoja kati ya Igawa na Chimala, kigunduzi hicho kilitulia kama maji ya mtungini huku mimi nikionyeshwa picha ya gari langu likiwa kwenye 68 ndani ya kibao cha 50. Elfu thelathini ikaenda.

Tangu siku hiyo kila mwenye gari la Japani ananiuliza mambo mawili: kile kidude ni halali, na je, kinafanya kazi? Naanza na la pili, maana ukishalijua, hamu ya kubishana juu ya la kwanza inapungua sana.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

Magari ya mtumba kutoka Japani huja na vikorokoro vya mwenye gari wa kwanza. Vitatu huwa vinachanganywa.

Cha kwanza ni ETC, kisoma kadi cha kulipia barabara za kulipia za kule. Kinakaa chini ya usukani au ndani ya droo ya dashibodi, kina tundu jembamba la kuingizia kadi, na mara nyingi kimeandikwa Panasonic, Denso au Mitsubishi. Huyu ndiye mwanamke wako. Anachosema kila asubuhi ni kwamba kadi haijaingizwa. Hana habari na trafiki.

Cha pili ni kamera ya kurekodi safari, ile yenye jicho linaloangalia mbele kupitia kioo. Hiyo iache. Siku lori likikugonga Inyala, ndiyo itakayokuwa shahidi wako.

Cha tatu ndicho tunachokizungumzia hapa. Kiko juu ya dashibodi au kimening'inia kwenye kivuli cha jua, kina skrini ndogo au taa za rangi, na jina lake mara nyingi ni Yupiteru, Cellstar au Comtec. Kwao Japani ni bidhaa halali ya dukani na madereva wengi wanayo. Ndani yake kuna mambo mawili: kipokezi cha mawimbi ya rada, na ramani ya setilaiti yenye kumbukumbu ya mahali kamera za Japani zilipo. Hiyo ramani ukiwa Mafinga ni sawa na kuuliza njia ya Tukuyu kwa mtu wa Osaka.

Hatua ya 2: Elewa tochi inavyokuona

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wauzaji wanapowapatia watu.

Rada ya kupima mwendo hurusha mawimbi ya redio. Yakigonga gari linalosogea, yanarudi yakiwa na masafa yaliyobadilika kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayosomwa kama kilomita kwa saa. Bendi, yaani makundi ya masafa, zinazotumika duniani ni tatu kuu: X, karibu gigahezi 10.5, K, karibu 24, na Ka, kati ya 33 na 36. Mawimbi haya hutawanyika. Yanagonga magari, mabango na kuta, na mengine yanafika mbele zaidi ya pale polisi alipolenga. Kigunduzi kinaokoteza hayo makombo, na ndiyo maana kinaweza kukuamsha kabla hujapimwa. Kipokezi cha Japani kilitengenezwa zaidi kwa ajili ya bendi ya X, kwa sababu rada nyingi za zamani za kwao zilikuwa huko.

Tochi ya leza ni mnyama mwingine. Inarusha vipigo vifupi vya mwanga usioonekana kwa macho na kupima muda wa kwenda na kurudi. Gari likiwa mita 150, mwanga unakwenda na kurudi kwa takribani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Inarudia hivyo mara nyingi ndani ya muda unaokaribia theluthi moja ya sekunde, inaona umbali unavyopungua, inapata mwendo wako, na ile yenye kamera inapiga na picha. Mwale wake ni mwembamba: kwa umbali wa mita 300 umetanuka mita 1 hivi tu. Umelengwa kwenye namba ya gari lako, si kwenye gari la mbele wala kwenye ukuta wa duka.

Sasa piga hesabu. Ukiwa kwenye 100, unakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Hiyo theluthi ya sekunde ni mita 9 hivi. Hata kama una kigunduzi kipya chenye jicho la leza, kikilia maana yake mwale umeshakugusa, na kabla mguu wako haujafika kwenye breki, picha iko kwenye kioo cha afande. Kinachofanya kifaa kilie ndicho kile kile kilichokupima.

Kwa hiyo kimya cha kigunduzi changu pale Chimala hakikuwa ubovu. Iliyonipima ilikuwa tochi ya leza, na kipokezi cha rada hakikuwa na kitu cha kusikia. Lakini kilikuwa kikilia vizuri sana mjini, mbele ya majengo yenye milango inayojifungua yenyewe, kwa sababu vihisi vya milango mingi hiyo hutumia bendi za X na K. Kililia pia kila nilipopitwa na gari jipya lenye rada ya kuangalia pembeni. Unazoea kelele za bure, kisha unazipuuza zote.

Na kuna wasioguswa na habari hii kabisa: ndugu zangu wa mabasi. Basi lenye mfumo wa kufuatilia magari wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, linapeleka mwendo wake lenyewe, kutoka Tunduma hadi linapoegeshwa. Unanusa nini tena wakati gari lenyewe linakusemea?

Hatua ya 3: Tenganisha kusikia, kukumbuka na kupiga kelele

Watu husema "kifaa cha rada" kana kwamba ni kitu kimoja. Sheria, hapa na ng'ambo, haitazami jina lililoandikwa kwenye boksi. Inatazama kifaa kinafanya nini.

Kuna kinachosikia, yaani kigunduzi. Kuna kinachokumbuka: programu ya simu au ramani inayosema mbele kuna kamera kwa sababu mtu mwingine aliripoti. Na kuna kinachopiga kelele, yaani kiziba rada au kiziba leza, ambacho kinarusha mawimbi au mwanga wake ili kumvuruga anayepima. Hicho cha mwisho usikiguse. Usikinunue, usikilete, usikubali fundi akufungie "kwa majaribio". Marekani, ambako vigunduzi vinauzwa wazi, viziba rada vimekatazwa nchi nzima na sheria ya mawasiliano. Uingereza, madereva waliotumia viziba leza wameshtakiwa kwa kupotosha mkondo wa haki, kosa ambalo mtu anafungwa jela.

Hatua ya 4: Soma sheria za nyumbani kwa utaratibu wake

Anayekuambia "ruksa kabisa" na anayekuambia "miaka mitano jela", wote wawili waombe kifungu. Kwa Tanzania, mambo matatu yanakuhusu.

Ya kwanza ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Hiyo inashughulika na mwendo wako: kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi, na 80 kwa magari ya biashara yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500, pamoja na kile kibao kinachosema mahali ulipo. Kifaa chochote ulichonacho hakipunguzi kosa la mwendo hata kwa kilomita moja.

Ya pili ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Watu wa magari huisahau kwa sababu wanaona ni ya simu. Lakini kifaa cha mawimbi ya redio ni kifaa cha mawimbi ya redio, kiwe mfukoni au kwenye dashibodi. Vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa, kuuzwa na kutumika nchini vinatakiwa kuidhinishwa na TCRA. Kigunduzi kilichokuja kimebandikwa kwenye gari hakikupita kwao. Kilipita bandarini kama sehemu ya gari. Na kurusha mawimbi ya kuvuruga mawasiliano au vifaa vya wengine ni kosa lisilo na utata wowote.

Ya tatu ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo inamtia hatiani anayemzuia kwa makusudi askari polisi kutekeleza kazi yake. Kiziba leza kinaingia humo moja kwa moja. Kigunduzi kinachosikia tu kina nafasi ya kubishaniwa, lakini jiulize kama unataka kuwa wewe ndiye unayebishana, saa nane mchana pale Igurusi, gari limejaa abiria.

Ukitaka jibu la maandishi, TCRA wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa Mbeya. Piga picha ya kifaa na ile lebo ya nyuma yenye namba ya modeli na masafa, andika barua fupi ukiuliza kama kinahitaji idhini na kama unaruhusiwa kukitumia, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ndiyo njia pekee ninayoiheshimu. Majibu ya vijiweni yanategemea nani amelipa chai.

Hatua ya 5: Kama unavuka mpaka, au ndugu yako anakutumia kifaa

Wenye malori wanaotoka Mbeya wanafika mbali, na sheria haikusindikizi kutoka nyumbani. Afrika Kusini imekataza vigunduzi, kwa hiyo semi inayoelekea huko isibebe kitu hicho hata kama hakijawashwa. Kwa nchi za katikati fanya jambo rahisi: kifaa kitoke kabla ya geti la Tunduma au Kasumulu. Afisa wa forodha anayekuta kidude chenye antena na maandishi asiyoyajua hatakuuliza kama kinasikia au kinarusha. Atakuambia egesha pembeni.

Ng'ambo kumechanganyika, na ndiyo sababu ya habari nyingi za uongo mitandaoni. Marekani gari binafsi linaruhusiwa kuwa na kigunduzi karibu kote, isipokuwa jimbo la Virginia na mji mkuu wa Washington. Lakini magari ya biashara yenye uzito wa zaidi ya kilo 4,500 hivi yalikatazwa nchi nzima tangu 1994. Dereva wa lori anayesoma mtandaoni kwamba "Marekani ni halali" anasoma habari za gari dogo. Kanada ni majimbo matatu tu ya magharibi yanayoruhusu: British Columbia, Alberta na Saskatchewan. Uingereza mahakama iliamua mwaka 1998 kwamba kupokea mawimbi ya rada si kosa. Ujerumani imekataza kutumia, pamoja na programu ya simu ukiwa unaendesha, na faini ni yuro 75 na pointi moja kwenye leseni. Ufaransa ni wakali zaidi: faini inaweza kufika yuro 1,500 na kifaa kinachukuliwa.

Jambo dogo linalowashangaza wengi: kigunduzi nacho kinaweza kunuswa. Kipokezi chake kinazalisha mawimbi yake hafifu ndani, na mengine yanavuja nje. Polisi wa nchi zilizokataza wana mashine za kuyasikia hayo. Kwa hiyo hata "kinachosikia tu" hakiko kimya kama kinavyoonekana.

Hatua ya 6: Kitoe

Hii ni fupi. Kama kinatumia waya wa kwenye tundu la kiberiti cha gari, chomoa, maliza. Kama waya umezama kwenye dashibodi, usiuvute. Umeunganishwa kwenye boksi la fyuzi na unaweza kuondoka na umeme wa redio au wa taa za ndani. Mpelekee fundi umeme wa magari, si makanika wa injini, mwambie aukate na kuuziba kwa tepu mwishoni, na asiunganishe kitu kingine hapo. Gundi ya juu ya dashibodi inatoka kwa jua la mchana na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo sana. Usikiuze kwa mwenzako ukimwambia kinafanya kazi. Unamjua, mtakutana sokoni Mwanjelwa.

Hatua ya 7: Endesha ili tochi ikukute huna deni

Barabara yetu kuu ina tabia zake. Kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma, vijiji vimejipanga kando ya lami kama shanga, na kibao cha 50 kinakuja, kinaisha, kinakuja tena. Makosa mengi yanafanyika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni mwisho wa kijiji. Nyumba zimeisha, unaona mahindi tu, mguu unazama. Lakini 50 haiishi pale nyumba zinapoisha; inaishia kwenye kibao cha 50 chenye mistari ya kukata. Mimi ndipo nilipokamatwa, na siwezi kumlaumu mtu. Usiongeze mwendo kwa kuangalia nyumba, ongeza kwa kuangalia kibao.

Sehemu ya pili ni miteremko: Kitonga, Mlima Nyoka, Inyala, Iwambi, Senjele. Gari linajiongeza lenyewe bila wewe kukanyaga mafuta. Wa manyuo washuke na gia ile ile ambayo wangepandia. Wa otomatiki, bonyeza kile kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia ili gia ya juu kabisa izimwe, au shusha kwenda 2 au L mkiteremka pakali. Injini itashika gari na breki zitapumua. Kuweka N ili kuokoa mafuta pale Kitonga ni kucheza na roho za watu, na hapo tochi inakuwa shida yako ndogo kabisa.

Sehemu ya tatu ni saa yako ya mwendo. Kwa kawaida saa ya kiwandani inazidisha kidogo, haipunguzi. Lakini huku kwetu tunapenda kunyanyua gari na kufunga tairi kubwa kwa ajili ya barabara za Makete na Ileje. Gari lililotoka na 175/65R14 ukalifunga 185/70R14, tairi limekua kwa zaidi ya asilimia 5. Kama saa ilikuwa sahihi, sasa ikisema 50 unakimbia karibu 53. Linganisha na mwendo wa setilaiti kwenye simu, sehemu tambarare kama Igurusi, abiria akiwa ndiye ameshika simu. Ujue tofauti yako uipigie hesabu kichwani.

Wengine watasema, mbona tunawashiana taa, inatosha? Taa za mwenzako kwenye milima hii zina maana nyingi: lori limekata breki, kuna matawi barabarani na semi imelala kwenye kona, ukungu mzito uko mbele. Ukizizoea kama ishara ya "trafiki yupo", siku moja utapunguza hadi 50 kwa heshima ya tochi na kukutana na tela lililokaa katikati ya njia ambako ulitakiwa kusimama kabisa.

Hatua ya 8: Ukisimamishwa

Anayekupiga tochi na anayekusimamisha mara nyingi si mtu mmoja. Picha inatumwa mbele. Kwa hiyo usianze kwa kubisha kwamba hukumwona mtu. Egesha nje ya lami, taa za tahadhari, shusha kioo, salimia: "Habari za kazi, afande." Kisha omba kuona picha. Angalia mambo manne: namba ni ya gari lako, mwendo, saa na mahali. Kama mahali palipotajwa hapana kibao, piga picha ya barabara ulikotoka. Ukiwa na kamera ya mbele, hifadhi ile sehemu isijifute.

Usibishe kwamba ulipigwa kutoka pembeni. Tochi ikipima kwa pembe inasoma pungufu, si zaidi: gari la 80 likilengwa kwa pembe ya nyuzi 10 linasomeka karibu 79. Pembe inakusaidia wewe.

Ukikubali kosa, unaandikiwa na kupewa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroli namba, unalipa kwa simu au benki. Pesa haishikwi mkononi, yako wala yake. Usipokubali, sema kwa utulivu kwamba hukubali na unataka kwenda mahakamani. Ni haki yako, ila uwe na picha zako na siku za kupoteza.

Jioni, ingia tms.tpf.go.tz, weka namba ya gari, uone kama deni lililoandikwa ndilo ulilokubali. Usiliache likae, linaongezeka. Na kabla hujanunua gari la mtu, liwe la yadini Mbeya au la mwalimu mstaafu wa Njombe anayekuapia kwamba halijawahi kuvuka 60, weka namba yake humo kwanza. Mimi niliwahi kufanya hivyo nikiwa nimekaa sebuleni kwa muuzaji, chai iko mezani. Tuliangalia skrini pamoja. Makosa saba.